Waliokuja Kuhesabu Vyungu

Siku ile tulikuwa tukipura simsim. Anayeijua kazi hii atanielewa, na asiyeijua nitamweleza, maana watu wa mjini huiona simsim juu ya mkate wakadhani imeota pale pale. Simsim hukatwa kabla haijakauka sana. Unaifunga vitita, unavisimamisha vikiegemeana, unaliachia jua kazi. Vikishakauka sawasawa unatandika jamvi, unakibeba kitita taratibu kama mtoto aliyelala, unakipindua kichwa chini, unakigonga kidogo tu. Mbegu hushuka zenyewe. Ukiwa na papara zinamwagika njiani, na ndege ndio watakaokushukuru.

Mimi nilikuwa nikipindua, mdogo wangu Mwanaheri akipeta. Sote tu wajane. Mimi sikuzaa, yeye alizaa akazika. Mwanaheri ana sukari tangu ujanani, na ana maneno tangu kuzaliwa. Siku ile alikuwa akinicheka kwa kuwa nilifunga leso kiunoni upande wa ndani nje.

"Dada Somoe," aliniambia, "ungekuwa na mume angekuona hivyo akarudi kwa mamake."

Nikamjibu kuwa wangu alirudi kwa Mola wake, na huko hakuna anayetazama leso. Tukacheka. Nakumbuka kicheko kile kwa kuwa ndicho cha mwisho tulichocheka nyumbani kwetu.

Kijiji chetu kiko bara, upande wa Lamu, msitu nyuma na mikoko mbele. Sitakitaja jina. Waliokijua wametawanyika, na wasiokijua hata nikikitaja hawatakwenda.

Mlio wa kwanza tulidhani mtu anapasua kuni.

Wa pili ulikuwa karibu zaidi. Mwanaheri akaweka ungo chini.

Walitokea upande wa msitu, wanaume wenye bunduki, nyuso wamezifunga. Sikuwahesabu. Mwalimu Famau, aliyetusomesha sote Kurani chuoni, alitoka mlangoni pake kuuliza kuna nini. Alikuwa ameshika miwani mkononi, anaifuta na kanzu.

Alianguka pale pale mlangoni.

Tukakimbia.

Tuliingia mikokoni, maji yamekupwa, matope hadi magotini. Nyuma yetu vitita vya simsim vilishika moto. Mwanaheri alikuwa peku. Mizizi ya mikoko huota chaza, na maganda yake hukata kama wembe. Nilimsikia akisema "Aa!" mara moja tu, kisha akanyamaza, na alinyamaza mpaka tulipofika kwenye mashua. Hapo ndipo nilipouona wayo wake wa kulia umechanika kutoka kidole gumba hadi katikati.

"Si kitu," akasema. "Damu ya sukari, nzi watafurahi."

Askari walipokuja walituambia kijiji sasa ni mahali pa vita, hakuna kurudi. Wakatupakia malori mpaka Mombasa. Nilikuwa na leso yangu iliyofungwa ndani nje, na ndani ya pindo mlikuwa na simsim kidogo, kiasi cha kujaza kiganja.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, mnisamehe, maana bila ya hili hamtanielewa.

Baba yetu alikuwa akimwuzia simsim mtu mmoja wa Kibokoni, Mombasa, Abdalla, aliyekuwa akipika kashata katika kiduka chake Mji wa Kale. Kila mwaka baada ya mavuno Abdalla alikuja mwenyewe, akakaa kwetu siku kumi, akachagua. Mwaka mmoja alikuja na jiko dogo la mafuta ya taa. Tumbo lilikuwa likimsumbua, akataka uji alfajiri, akaona haya kumwamsha mwanamke wa watu. Mama yangu akamwona dakani, pale penye mlango wa mbele, anajipikia. Abdalla alipokwenda msikitini, mama alilichukua lile jiko akalificha ghalani chini ya magunia, na tangu siku hiyo aliamka yeye kabla ya adhana akampikia uji. Abdalla aliuliza jiko li wapi, kila mtu akatazama juu. Alirudishiwa siku ya kuondoka, limefutwa linang'aa.

"Majirani wangesema nimeshindwa na uji," mama alituambia.

Ndivyo tulivyo. Mgeni halishiki jiko kwako. Akilishika, amekuvua nguo mbele ya mtaa.

Basi tuliposhushwa Mombasa, mimi na Mwanaheri na mguu wake umefungwa kitambaa, tulikwenda Kibokoni kuulizia nyumba ya Abdalla. Yeye alikuwa ameshafariki. Aliyetufungulia mlango ni mkewe, Bi. Rukia, mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mwisho wa mtaa. Hatukuwahi kuonana naye. Nikamtajia jina la baba yangu.

Alitutazama mikononi, kisha nyuma yetu.

"Mwaja bila jiko?" akauliza. "Alhamdulillahi! Marehemu alifichiwa lake kwenu siku kumi, na kila mwaka alinisimulia akicheka mpaka akapaliwa. Sasa zamu yangu. Nikimwona mtu amewasha moto humu ndani, nalitupa jiko baharini na yeye nyuma yake. Ingieni, ingieni, huyo mwenye mguu apite mbele."

Akatupa chumba cha ghorofani, chenye dirisha la kutazama uchochoro. Ngazi zake zimesimama wima kama za mnazi. Chakula tulikula chini, ukumbini, sinia moja, watu watatu. Samaki akiletwa, Bi. Rukia alivunja mnofu wa shavu, ule mtamu, akausogeza upande wa Mwanaheri. Kila siku. Mwanaheri akausukuma upande wangu, mimi nikausukuma kwa Bi. Rukia, ukazunguka hivyo mpaka ukapoa.

Hatukuwa peke yetu. Kibokoni yote ilikuwa hivyo. Nyumba hii ina watu wa kule, nyumba ile ina watu wa kule, wengine kwa udugu, wengine kwa jina la babu aliyewahi kulala kwao. Hakuna aliyelala msikitini wala barazani. Wenyeji waliona aibu hata kufikiri. Na kwa kuwa hatukulala barazani, kwa kuwa hatukuonekana, tukawa hatupo. Hilo ndilo lililonichoma, na mpaka leo linanichoma.

Alikuja kijana wa shirika, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, na kibao cha kuandikia mkononi. Mpole, salamu zake nzuri. Bi. Rukia alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, hakuinuka.

"Masalkheri, mama. Humu ndani kuna wakimbizi wa ndani?"

"Wakimbizi?" Bi. Rukia akaendelea kukuna. "Hapa kuna wageni wangu."

"Wametoka wapi?"

"Kwao."

Kijana akatabasamu. "Na vyungu vingapi vinapikwa humu, mama?"

"Chungu kimoja! Nyumba moja na vyungu viwili, kwani mimi nina mke mwenza?"

Mwanaheri akaangua kicheko kule kwenye mkeka. Kijana akaandika, akashukuru. Bi. Rukia hakumwacha aende mpaka amekunywa maji ya ndimu gilasi mbili. Alipotoka, Mwanaheri akambatiza: "Bwana Vyungu."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Ningeweza kusema, "Mwanangu, sisi tumefukuzwa kwetu, tumeacha maiti mlangoni." Sikusema. Nitawaambia kwa nini, maana sina sababu ya kuficha uzeeni. Nilifurahi. Tangu tupande lori nilikuwa nimeitwa majina mengi, na hakuna aliyekuwa ameniita mgeni. Neno lile lilinikaa vizuri kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Nikanyamaza nikalivaa.

Wakati huo mguu wa Mwanaheri ulikuwa bado na rangi yake.

Kidonda cha mwenye sukari hakina haraka, ndiyo hila yake. Kwanza kilikauka pembeni. Kisha kikalowa katikati. Kisha kidole gumba kikaanza kuwa na rangi ya zambarau mbivu, na Mwanaheri akasema haumwi. Kutoumwa ndiko kulikonitisha. Tulikwenda hospitali, tukapanga mstari, tukasafishiwa, tukaandikiwa dawa za kununua, turudi kesho, na kesho kutwa, na siku ya tatu. Kila safari hamali wawili walimshusha Mwanaheri ngazi zile juu ya kiti, naye huku juu anapunga mkono kama bibi harusi. "Nyie, polepole, msinimwage, mimi ndiye simsim iliyobaki." Bi. Rukia alitoa bangili yake ya kulia. Baadaye nikaona na ya kushoto haipo.

Muuguzi mmoja akanivuta pembeni. Akaniuliza kwa nini hatuendi kwa daktari wa vidonda, yule wa shirika, anayekuja kutibu wenye kadi. Ana dawa zote, akasema, na gari la kumfuata mgonjwa nyumbani.

"Kadi gani?"

"Ya waliohama kwa vita, mama. Nyinyi si mmehama?"

Ofisi yao ilikuwa katika bohari moja upande wa Liwatoni, nyuma ya mahali wanapotia lami mashua. Nilikwenda na tuktuk asubuhi. Humo ndani mlijaa mizigo hadi darini: magodoro, turubai, ndoo, na rundo la sufuria mpya, zimepangwa moja ndani ya nyingine. Ukutani palikuwa na ramani ya kisiwa. Mimi nilisoma ngumbaru, darasa la watu wazima, herufi nazifuata kwa kidole, lakini ramani naijua. Sehemu nyingine zilitiwa nukta nyekundu. Mji wa Kale ulikuwa mweupe.

Nikauliza ule weupe ni nini.

"Ni pasipo na mahitaji," akasema mwenye meza. Nikainua uso, ndiye Bwana Vyungu mwenyewe.

Nikamweleza yote, kijiji, mikoko, mguu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akafungua karatasi zake.

"Nyumba ya Bi. Rukia. Kaya moja, chungu kimoja. Waliohama, hakuna."

"Mimi hapa nimehama."

"Unakula wapi, mama?"

"Kwa Bi. Rukia."

"Basi wewe ni wa kaya ya Bi. Rukia. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, ndiyo kanuni. Na Bi. Rukia hakuhama."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa akitania. Nikamwuliza, "Kama angetufukuza, je?"

Akafikiri. "Hapo mngekuwa na sifa."

Wallahi ndivyo alivyosema. Kama mwanamke yule angetufungia mlango, kama angekuwa na moyo wa jiwe, tungepata daktari. Kwa kuwa alitupokea, kwa kuwa alivua bangili zake, ramani yao ikabaki nyeupe. Na si sisi tu. Mtaa mzima uliokuwa ukigawana mkate wake na watu wa vita uliandikwa kuwa hauna haja. Nimeishi miaka mingi, nimeona waliochoma simsim yangu, na siwezi kuwafananisha na kijana yule, hapana, hilo lingekuwa dhuluma. Lakini wale walikuwa wamefunga nyuso. Huyu alinitazama usoni akanisomea kanuni.

"Mkianza kujipikia," akasema kwa upole, "tutakuja kuhakikisha. Jiko liwe linawaka."

Nilirudi Kibokoni, nikakaa na maneno yale. Mguu ndio uliokuwa ukinihesabia siku. Kila asubuhi nilifungua kitambaa na kutazama rangi imepanda wapi. Jioni moja nikimsaidia Bi. Rukia kukata vitunguu, nikajaribu.

"Bi. Rukia, tunakuchosha. Nafikiri labda mimi na Mwanaheri tungekuwa tukipika wenyewe..."

Akaweka kisu chini. "Chakula changu kibaya?"

"La, hasha."

"Nimewasema nyuma ya mgongo?"

"La."

"Basi?"

Nikasema vitunguu vinaniuma macho. Nikaacha hapo. Sikumtajia kadi. Sikumtajia Liwatoni. Niliona kwamba kumwambia mwanamke huyo, "Nataka niandikwe kuwa hunilishi," ni kumpiga kofi na kumwomba ageuze shavu la pili. Nikazungusha kichwani, siku zikapita, na rangi ikavuka kidole cha pili.

Mwishowe nilifanya kwa siri, tena nilifanya vibaya. Niliazima jiko la makaa kwa jirani, nikalipandisha ghorofani ndani ya kikapu, nimelifunika nguo chafu. Nikapeleka habari Liwatoni waje siku ambayo Bi. Rukia amealikwa hitima mtaa wa Kuze, tangu asubuhi mpaka alasiri. Alituachia mbaazi na mahamri, tukala. Alipotoka nikawasha. Sikuwa na cha kupika, wala sikuwa na moyo wa kupika, nikateleka maji.

Bwana Vyungu alipanda ngazi akihema. Akafunua kifuniko kwa ncha ya kalamu.

"Mnapika nini?"

"Maji."

"Niandike wali," akasema, nafikiri kwa huruma. "Na mnakula kwa mwenye nyumba?"

Mwanaheri alikuwa amelala ukutani, ananitazama. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kusema.

"Hatuli kwake," nikasema.

"Hata mara moja?"

Tumboni mwangu mlikuwa na mbaazi za Bi. Rukia.

"Hata mara moja."

Nikasikia ngazi ikilia. Bi. Rukia alikuwa amesimama kidato cha tatu kutoka juu, buibui bado mwilini, mkononi ana sahani ya biriani ya hitima imefungwa kitambaa. Alikuwa ametoka mapema ili Mwanaheri aile ingali moto.

Maji yalikuwa yakichemka.

"Karibu, bwana," akamwambia kijana. "Utakunywa nini?"

Akashuka kumtafutia maji ya ndimu. Sahani aliiweka pale kizingitini.

Tangu siku ile hatukula tena sinia moja. Chakula kilikuja wakati wake, kizuri kama zamani, lakini kilikuja ghorofani, kimefunikwa kawa. Nyinyi mliokulia pwani mnajua maana yake. Kawa ni kifuniko cha ukili, kizuri, kina nakshi. Chakula hufunikwa hivyo kikipelekwa nyumba nyingine. Alikuwa akituletea kama majirani. Na shavu la samaki lilikuwa humo, limewekwa pembeni, hakuna wa kulisukuma likazunguka. Ningependa zaidi anitukane mtaani, nijibu, tulie, yaishe. Hakunitukana.

Kadi haikuja kesho yake. Majina, tuliambiwa, yamepelekwa Nairobi yakahakikiwe. Nilikwenda Liwatoni mpaka mwenye tuktuk akaacha kuniuliza ninakwenda wapi. Ilipofika kadi, pamoja na godoro, ndoo na sufuria moja mpya, weusi ulikuwa umevuka kifundo. Gari lao lilikuja siku hiyo hiyo, lazima niseme ukweli, tena kwa heshima kubwa. Daktari wao alikuwa mtu mzuri. Alifunua, akatazama, akamwita mwenzake, wakazungumza Kiingereza, na mimi sikuhitaji kukijua.

Waliukata chini ya goti.

Tuliingia haraka, hatukupanga mstari, hatukununua hata pamba. Kadi ilifanya kazi yake. Ile kadi niliyoisemea uongo, niliyomkana kwayo mwanamke aliyetulisha, ilitusaidia kukata mguu ambao, kama ingefika wiki chache nyuma, ingeuponya. Hivyo alisema daktari mwenyewe, nilipomwuliza. Alisema "huenda". Nimeishi na "huenda" hiyo mpaka leo.

Mwanaheri alipozinduka aliniuliza, "Wameutia wapi?"

"Sijui."

"Waulize. Nao uandikwe umehama."

Bi. Rukia alikuja hospitali kila siku, na chakula, na kawa. Siku moja tukiwa ukumbini tukingoja kufunguliwa wodi, nilimweleza. Nilianza na ramani nyeupe nikamaliza na maji yaliyochemka. Alinisikiliza anasokota pindo la buibui.

"Somoe," akasema, "ungeniambia."

"Niliona haya."

"Ungeniambia ningekuwashia mwenyewe, kwa mkono wangu. Ningewapa jiko langu mimi nikale kwa jirani. Ningemwambia yule kijana kuwa mimi ni mchawi nawanyima maji. Mguu wa mtu huu, Somoe! Uliniona mimi ni mwanamke wa kupima heshima yangu na mguu wa mtu?"

Ndivyo nilivyomwona. Nilimwona kwa macho ya mama yangu na ghala lake, na yeye alikuwa mpana kuliko hayo. Hiyo ni sehemu yangu katika jambo hili, naibeba. Lakini siwabebei wao ya kwao. Nani aliyekaa mahali fulani, ameshiba, akaamua kuwa mtu aliyehifadhiwa hakudhurika? Nani alipanda ngazi zetu, akanywa ndimu zetu, akaona mguu umefungwa kitambaa pale mkekani, akauliza vyungu?

Niliomba tukirudi nyumbani tule pamoja. Bi. Rukia akatikisa kichwa. Alikuwa ameshauliza Liwatoni, alikwenda mwenyewe kwa miguu yake mibovu. Wenye kadi huhakikiwa tena wakati wowote, bila ya kupewa habari. Wakikutwa sinia moja na mwenyeji, kadi hufutwa, na Mwanaheri alikuwa akihitaji magongo, na dawa ya sukari, na kidonda kipya cha kutazamwa.

"Si kwa hasira," akaniambia. "Mwanzo ilikuwa kwa hasira, siku mbili tatu. Sasa ni kwa ajili ya huyu."

Basi tuliishi hivyo, nyumba moja, yeye chini na chungu chake, sisi juu na sufuria yetu ya msaada tuliyokuwa tukichemshia maji ili iwe na masizi, wakija waione ina masizi. Kutwa tulizungumza kupitia ngazini. Ikifika saa ya kula, kila mtu alinyamaza kwake. Mwanaheri mara nyingine alipiga kelele kutoka juu, "Bi. Rukia, shavu limefika, lakini lina upweke!" Na kule chini tukamsikia akicheka, peke yake na sinia lake.

Kijijini hatukurudi. Kila mwaka tunaambiwa mwakani.

Bi. Rukia alifariki baada ya kuugua siku chache. Tulimwosha mimi na wenzangu. Wanawe walio ng'ambo walitwambia tukae nyumbani, tusihame tena, na katika vitu vyake wakaniachia sinia na kawa.

Bi. Rukia alikuwa na miezi miwili kaburini Bwana Vyungu alipokuja. Ameota kitambi, ndevu zina mvi mbili tatu. Alisema shirika linapima msaada wao ulileta nini, ana maswali machache. Tulikuwa ukumbini, chini, tukitaka kula, kwa kuwa sasa hakuna wa kutuzuia kula chini.

"Vyungu vingapi siku hizi, mama?"

"Kimoja," nikasema.

Akapekua karatasi zake za zamani. "Hapa nina viwili. Kaya imepungua?"

"Imepungua," Mwanaheri akamjibu. "Andika. Mtu mmoja na mguu mmoja."

Akaandika la kwanza. Kisha kalamu ikasimama. Akatazama karatasi mbele, akaigeuza nyuma, na nikaona kweli anatafuta.

"Hakuna mahali pa mguu, mama," akasema.

Nikamkaribisha chakula, kwa kuwa katika nyumba ile mtu hatoki hivi hivi. Akasema ahsante, lakini hawaruhusiwi kula kwa watu waliowasaidia, ndiyo kanuni. Nikamwambia basi angoje. Nikavunja shavu la samaki nikaliweka juu ya wali, nikafunika sahani kwa kawa la Bi. Rukia, nikamwekea mlangoni.